Uwanja Nao Ni Darasa: Kufundisha Mwendo katika Chekechea za Burat

Mzazi anapomchukua mtoto wake chekecheani, swali la kwanza huwa moja: "Leo umeandika nini?" Mtoto akionyesha ukurasa wa herufi, mzazi huridhika. Akijibu kwamba walicheza mpira, mzazi hunung'unika kwamba mwalimu hana kazi. Manung'uniko hayo humfikia mwalimu, naye huamua kujikinga: kipindi cha mwendo kinapofika, madaftari yanatolewa tena na watoto wanabaki kwenye madawati.

Makala haya ya mafunzo ni ya wazazi, walimu na wanakamati wa shule wa wadi ya Burat. Yanaeleza kwa nini kukimbia, kuruka, kurusha na kudaka ni somo kamili, jinsi ya kulifundisha bila vifaa vya gharama, na jambo gani tunalipoteza tunapoliacha.

Mtaala unasema nini

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea. Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa nchini kote Januari 2019, unampokea mtoto wa miaka 4 katika PP1 na wa miaka 5 katika PP2. Tangu mwanzo mtaala huo ulitenga shughuli za mwendo na ubunifu kama eneo la kujifunza, sambamba na lugha, hisabati, mazingira na dini. Kipindi kimoja ni dakika 30. Kwa hivyo mwalimu anayewatoa watoto nje na kuwafundisha kuruka hajatoroka kazi. Yuko kazini.

"Lakini watoto wetu wanatembea sana"

Hoja hii husikika mara nyingi, na ina uzito. Mtoto wa familia ya wafugaji upande wa Leparua hutembea mwendo mrefu kwenda shule, na akirudi hufuata wana-mbuzi. Ana mapafu na miguu ambayo mtoto wa mjini hana. Afundishwe mwendo gani tena?

Jibu moja zuri limetoka papa hapa Kenya. Mwaka 1976 mtafiti Mmarekani Charles Super alichapisha matokeo ya utafiti wake kuhusu watoto wachanga katika kijiji cha Kokwet, kwa jamii ya Wakipsigis. Watoto hao walikaa, wakasimama na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani kwa takriban mwezi mmoja. Wazungu wengi wakati huo waliamini kwamba watoto wa Kiafrika huzaliwa hivyo. Super alipochunguza malezi, aliona jambo jingine. Akina mama wa Kokwet walikuwa wakifundisha. Walimkalisha mtoto kwenye kishimo kidogo ardhini au wakamzungushia blanketi ili mgongo usimame, wakamshika mikono na kumfanyisha hatua siku baada ya siku. Kutambaa hakukutiliwa mkazo, na katika kutambaa watoto hao hawakuwatangulia wenzao wa Marekani.

Maana yake ni nyepesi kueleza: mtoto hukomaa katika kile anachofundishwa na kupewa nafasi ya kukirudia. Mtoto wa Leparua ni hodari wa kutembea kwa sababu anatembea kila siku. Lakini mrushie mpira na huenda akafumba macho. Mwambie asimame kwa mguu mmoja na huenda akayumba. Hali hiyo haitokani na udhaifu. Ni kwamba hajawahi kufundishwa.

Upande wa pili wa wadi hiyo hiyo yupo mtoto wa nyumba za kupanga karibu na mji, ambaye mama yake hamruhusu kutoka nje kwa kuhofia pikipiki. Huyu hata kutembea kwake ni kidogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 awe katika mwendo kwa angalau dakika 180 kwa siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za mwendo wa nguvu unaomfanya ahemehe. Lilishauri pia asikae mbele ya televisheni au simu zaidi ya saa moja. Mtoto wa chumba kimoja akitoka kitandani akaenda kwenye dawati, kisha akarudi kwenye simu ya mama, hafikii kiasi hicho. Chekechea ndiyo nafasi yake pekee.

Makundi matatu ya stadi

Misuli mikubwa ni ile ya miguu, mapaja, tumbo, mgongo, mabega na mikono. Stadi zake hupangwa katika makundi matatu, na mwalimu anayeyakumbuka hatarudia kukimbia tu muhula mzima.

Kundi la kwanza ni mwendo wa kutoka mahali hadi mahali: kutembea, kukimbia, kuruka kwa miguu miwili, kuruka kwa mguu mmoja, kutambaa, kupanda na kwenda kiubavu.

Kundi la pili ni kuumudu mwili: kusimama kwa mguu mmoja, kutembea juu ya mstari au gogo, kujipinda, kujinyoosha, kuzunguka na kusimama ghafla bila kuanguka.

Kundi la tatu ni kuvimudu vitu: kuviringisha, kurusha, kudaka, kupiga teke na kudundisha. Kundi hili ndilo linalosahaulika zaidi, kwa sababu linahitaji kifaa mkononi na maelekezo ya mwalimu.

Kwa nini kalamu husubiri bega

Mzazi anayetaka mwandiko mzuri ana sababu yake ya kulipenda somo hili. Mwili wa mtoto hukua kwa mpangilio. Hutangulia kichwa na shingo, kisha hushuka mgongoni na miguuni. Vivyo hivyo hutangulia kiwiliwili na mabega, ndipo nguvu ifike kwenye viganja na vidole. Mtoto ambaye mgongo wake unachoka upesi hujilaza juu ya dawati akiandika. Ambaye bega lake halijatulia hukandamiza kalamu hadi karatasi inatoboka. Tunamwita mvivu, kumbe mwili haujafika hapo.

Kumwongezea kurasa za kuandika si tiba. Kutambaa, kuning'inia kwenye tawi imara, kuvuta kamba na kurusha mpira huimarisha mgongo na bega, na hivyo hujenga msingi ambao kalamu utaukuta. Mambo mengine ya darasani nayo hufunzwa uwanjani. Mtoto anayehesabu miruko yake anajifunza hesabu. Anayesikia "juu, chini, ndani, nje, nyuma ya, katikati ya" huku akitenda anajifunza lugha, iwe ni Kiswahili, Kiturkana, Kiborana, Kisamburu, Kisomali au Kimeru.

Somo la mfano: kudaka

Hebu tuchukue stadi moja tuifuate hatua kwa hatua. Tunachagua kudaka kwa sababu wengi hudhani mtoto hudaka tu akikua.

Ukweli ni kwamba kudaka kuna ngazi. Mtoto anayeanza hunyoosha mikono kama mbao, hugeuza uso na kufumba macho, na mpira humgonga kifuani. Baadaye huukumbatia mpira kwa mikono yote. Mwishowe hudaka kwa viganja peke yake, macho yakiwa kwenye mpira. Kazi ya mwalimu ni kutambua kila mtoto yuko ngazi gani na kumsogeza ngazi moja tu.

Lengo: mwisho wa kipindi, kila mtoto awe amejaribu kudaka mpira mwepesi mara nyingi, macho yakiwa wazi.

Dakika 5 za kwanza, pasheni mwili joto. Watoto watembee kama ngamia, wakimbie kama mbuni, wasimame ghafla mwalimu akipiga makofi.

Dakika 3 zinazofuata, onyesha. Mwalimu asihutubie; adake mpira polepole mbele ya watoto huku akitamka maneno matatu: "Tazama, nyoosha, vuta." Tazama mpira, nyoosha mikono mbele, vuta mpira kifuani. Watoto wayarudie maneno hayo kwa mikono mitupu.

Dakika 12, mazoezi ya wawili wawili. Waanze wameketi, miguu imepanuliwa, wakiviringishiana mpira. Wakishaweza, wasimame hatua mbili kutoka kwa mwenzao na kurushiana kutoka chini kwenda juu, taratibu. Anayeweza aongeze hatua moja nyuma. Anayefumba macho arudi kwenye kuviringisha, bila kuchekwa.

Dakika 6, mchezo. Watoto wa miaka 5 wanaweza kucheza kati, wale wawili wakirusha na wa katikati akikwepa au kudaka, mradi mpira ni wa matambara laini. Wa miaka 4 wasimame duara na kurushiana huku wakiitana majina.

Dakika 4 za mwisho, tulieni. Watembee polepole, wavute pumzi, wanywe maji, na kila mmoja aseme jambo moja aliloliweza leo.

Adui mkubwa wa somo hili ni foleni. Darasa la watoto 40 lenye mpira mmoja, kila mtoto akipewa sekunde 30, linamaliza dakika 20 kabla kila mmoja hajagusa zamu ya pili. Watoto 39 wanasimama, wanasukumana, na mwalimu anaanza kufoka. Darasa hilo hilo likiwa na mipira 20, hata kama kila jozi inarusha mara moja tu kila sekunde 10, kwa dakika 12 mpira umerushwa mara 72. Kila mtoto amejaribu kudaka mara 36. Mwalimu ni yule yule na uwanja ni ule ule. Kilichobadilika ni mipira 20.

Mipira 20 itatoka wapi?

Itatoka nyumbani. Wengi wetu tulicheza na mpira wa juala. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na haitakikani irudi. Matambara, soksi kuukuu na shuka iliyochanika hutengeneza mpira bora zaidi kwa mtoto mdogo, kwa sababu haudundi mbali na haumuumizi usoni. Kunja matambara, yafunge kwa uzi wa katani, kisha uvalishe soksi juu. Ukubwa wa kichwa cha mtoto unafaa kwa anayeanza kudaka. Ukubwa wa ngumi unafaa kwa kurusha.

Vifaa vingine vimetuzunguka. Tairi kuukuu la gari, likikaguliwa lisiwe na waya uliochomoza, ni la kuruka ndani na nje. Kamba iliyolazwa chini ni daraja la kujifunza kutembea bila kuyumba. Chupa za maji zilizojazwa mchanga ni shabaha. Mstari uliochorwa kwa kijiti haugharimu chochote. Kambi Garba au LMD, siku moja ya mkutano wa wazazi ambapo kila mmoja anakuja na mpira mmoja wa matambara inatosha kuliweka darasa sawa kwa muhula mzima.

Mwendo usiwe adhabu

Kuna jambo ambalo halina budi kusemwa waziwazi. Wengi wetu tulijua kuruka kichura kama adhabu ya kuchelewa, na kukimbia kuzunguka uwanja kama adhabu ya kupiga kelele. Mtoto anayefunzwa hivyo hujifunza kwamba mwili wake ni mahali pa kuumizwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, iwe ya mwili au ya akili. Kichura ni zoezi zuri la mapaja na tumbo. Lirudishwe kwenye mchezo, lisitumike kukomoa mtu.

Jua, njaa na miiba

Burat ni joto. Kipindi cha mwendo kiwekwe asubuhi, kabla jua halijakaa utosini, na mafundisho ya kusimama yafanyike chini ya mgunga. Kabla watoto hawajatoka, mwalimu apite akiokota miiba, vigae na vyuma. Watoto wanywe maji kabla na baada. Champali zinazoteleza zivuliwe wakati wa kuruka kama ardhi ni safi. Akala zilizofungwa vizuri hazina tatizo. Shuka, buibui au rinda refu lifungwe lisimkwaze mtoto. Hakuna haja ya msichana kuketi pembeni kwa sababu ya vazi lake.

Njaa nayo ipewe heshima yake. Wakati wa kiangazi mtoto anaweza kufika shuleni hajala tangu jana. Huyo asikimbizwe. Apate uji kwanza, na siku hiyo afanye mazoezi mepesi ya kuviringisha mpira na kusimama kwa mguu mmoja. Mtoto aliyekuwa mchangamfu kisha akaanza kuketi chini kila kipindi anatoa taarifa kwa mwili wake. Mwalimu amjulishe mhudumu wa afya ya jamii, ambaye ana utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na anapaswa kufikishwa kituo cha afya bila kungoja.

Uwanja huonyesha kilichofichika

Hapa ndipo palipo na hasara kubwa zaidi ya kuwafungia watoto ndani. Watoto 40 wakiwa wameketi, wote wanafanana. Wakitoka nje, mwalimu huona yule anayetumia mkono mmoja tu, yule anayeanguka ovyo, yule asiyeuona mpira hadi umemfikia, na yule asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma. Huenda mmoja ana tatizo la macho, mwingine la masikio, mwingine la misuli. Kipindi cha mwendo ni uchunguzi wa bure wa kila wiki.

Watoto hutofautiana, na tofauti peke yake si ugonjwa. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006 kwa watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wengine walitembea peke yao wakiwa na miezi 8 na wengine walikaribia miezi 18. Lakini mtoto aliyevuka miezi 18 bila kutembea apelekwe kliniki, pamoja na kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto. Mtoto aliyekuwa akiweza jambo kisha akapoteza uwezo huo apelekwe upesi. Na mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla aripotiwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa dalili ya polio.

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya somo hili sawa na wenzake. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, maarufu kama EARC, vimekuwepo nchini tangu mwaka 1984, na vinamsaidia mzazi kujua mtoto anahitaji nini. Lakini uwanjani hakuna haja ya kungojea barua. Asiyeona vizuri apewe chupa yenye kokoto ndani, aifuate kwa sauti. Aliye kwenye kiti cha magurudumu arushe kwenye shabaha. Anayetembea kwa magongo awe mlinda lango. Kosa ni kumpa kazi ya kushika sweta za wengine.

Kazi ya mzazi na mkazi

Mzazi anaweza kuanza leo. Mpe mtoto dakika chache jioni za kurusha na kudaka mpira wa matambara, wavulana na wasichana sawa. Mwache apande na aruke huku ukimtazama. Baba, usidhani ni kazi ya mama pekee.

Mkazi naye ana sauti. Chekechea isiyo na uwanja haiwezi kufundisha mwendo, na kila jengo jipya au ua unaosogezwa unaweza kumega nafasi ya watoto. Wanakamati wahakikishe sehemu ya kuchezea imechorwa kwenye ramani ya shule na inalindwa kama darasa linavyolindwa. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma, makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Vikao vya maoni ya wananchi hutangulia tarehe hiyo. Anayetaka kivuli, ua au tangi la maji katika chekechea ya kijiji chake afike na kulitamka ombi hilo, kwa sababu lisilotamkwa haliandikwi.

Na kesho, mtoto akirudi na vumbi magotini, usiangalie daftari kwanza. Muulize: "Leo umedaka mara ngapi?" Akisema mara tatu, mrushie ya nne.